Picha za waigizaji wa kabuki: maswali ninayoulizwa kila siku na majibu yangu

Kila nikimwonyesha mtu hizi picha za Wajapani wenye macho makengeza na midomo iliyopinda naulizwa maswali yale yale, "huyu amekasirika nini?", "huyu mama mbona ana kidevu hivyo?", "hii ni bei gani?". Nimechoka kujibu mmoja mmoja, nimeyakusanya hapa. Pengine nimejibu kirefu kwa sababu napenda, pengine nimekata kwa sababu hakuna cha kusema.

Hizi ni picha za nini hasa?

Ni picha za waigizaji wa kabuki, zilizopigwa chapa kwa vibao vya mbao, nyingi kwenye mji wa Edo ambao leo ndo Tokyo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1600 mpaka karibu na 1900. Kijapani zinaitwa yakusha-e, yakusha ni mwigizaji na e ni picha, basi. Ziko ndani ya ile familia kubwa ya picha za ukiyo-e, ile yenye lile wimbi la Hokusai ambalo kila mtu ameshaliona kwenye kava la simu.

Sasa kitu cha kwanza, toa kichwani mambo ya makumbusho, vioo na watu wananong'ona. Hizi zilikuwa picha za mastaa. Umetoka kwenye onyesho, moyo bado unadunda, unapita dukani unanunua sura ya jamaa yako unaenda kuibandika nyumbani. Mpaka kwenye vipepeo vya mkono walichapa, na kipepeo ukishakitumia msimu mzima wa joto kinachakaa unatupa, ndo maana vilivyobaki ni vichache.

Kabuki yenyewe ni nini, na kwa nini ni wanaume tu?

Ni maigizo yenye ngoma, muziki, mavazi mazito na mbwembwe nyingi. Mwanzo wake husemwa ni 1603, na aliyeanzisha alikuwa mwanamke, Okuni wa Izumo, alikuwa anacheza Kyoto kwenye ufuko mkavu wa mto Kamo. Kwa hiyo kumbe ilianza na wanawake! Ila watazamaji wakawa wanagombania wacheza ngoma, na biashara ya miili ikaingia humo humo, serikali ya shogun (mtawala wa kijeshi) ikawapiga marufuku wanawake jukwaani 1629. Wakaingia vijana wa kiume wazuri, fujo zile zile, nao wakapigwa marufuku 1652. Baada ya hapo ikaruhusiwa wanaume wazima tu, tena wanyolewe nywele za mbele ya kichwa ili wasivutie sana. Hilo la kunyoa likumbuke, nitalirudia.

Huyu mama kwenye picha mbona ana sura ya kiume?

Kwa sababu ni mwanaume, anaitwa onnagata, mwigizaji anayecheza nafasi za kike maisha yake yote. Wengine walikuwa maarufu kuliko mwanamke yeyote mjini, na wanawake wa Edo walikuwa wanaiga mitindo yao ya kufunga mkanda na rangi za nguo.

Nikupe siri ya kumtambua. Angalia juu ya paji la uso, pale nywele zinapoanzia. Ukiona kitambaa kidogo cha zambarau kimelala pale, huyo ni mwigizaji na sio mwanamke halisi. Ile sheria ya kunyoa ndo ilileta kitambaa: wamenyolewa mbele, upara unaonekana, na mwanamke mwenye upara hanogi, basi wakafunika na kitambaa, na kitambaa chenyewe kikageuka kuwa urembo. Yaani alama ya adhabu imekuwa fasheni. Mi tangu nijue hilo, kitu cha kwanza kuangalia ni paji la uso, sura baadaye.

Mbona zile za zamani kabisa sura zote ni moja?

Umeona vizuri. Wachoraji wa mwanzo walikuwa wa ukoo wa Torii, mkubwa wao Torii Kiyonobu, ambao kazi yao hasa ilikuwa kuchora mabango makubwa ya nje ya kumbi. Bango linaonekana kwa mbali kwa hiyo walichora miili imevimba misuli, miguu imetuna kama vibuyu, na mistari minene inayojikunja kama nyungunyungu (Wajapani wenyewe wanasema kibuyu na nyungunyungu, sio mimi). Sura hawakuihangaikia, mwigizaji ulimjua kwa nembo kwenye mkono wa kimono au jina lililoandikwa pembeni.

Rangi nazo zilikuwa shida. Mwanzo ni wino mweusi mtupu, kisha wakawa wanapaka rangi kwa brashi moja moja, halafu miaka ya 1740 wakaanza kuchapa rangi mbili, ya waridi na kijani. Picha za rangi nyingi kamili zilikuja 1765, Suzuki Harunobu ndo jina linalotajwa hapo.

Kilichobadilisha mchezo kwa waigizaji ni Katsukawa Shunsho, pamoja na mwenzake Ippitsusai Buncho. Mwaka 1770 walitoa kitabu cha waigizaji ndani ya umbo la vipepeo vya mkono, kila mtu na sura yake mwenyewe: pua ya huyu ndefu, huyu mashavu, huyu macho madogo. Leo tunaona kawaida, lakini fikiria wewe mshabiki, miaka yote unanunua nguo yenye jina, ghafla unapewa *mtu*. Na kwenye karakana ya Shunsho kulikuwa na kijana mmoja mwanafunzi anaitwa Shunro, picha zake za waigizaji zilianza kutoka 1779, huyo ndo alikuja kuwa Hokusai wa lile wimbi.

Mchoraji alichonga na kuchapa mwenyewe?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Jina lililopo kwenye picha ni la mchoraji lakini kazi ni ya watu wanne.

Wa kwanza ni mchapishaji, mwenye duka na mwenye mtaji. Ndiye anayeamua staa gani anauza mwezi huu, na ndiye anayepata hasara zikidoda. Anamwagiza mchoraji, ambaye anachora kwa wino kwenye karatasi nyembamba sana. Mchongaji anaichukua ile karatasi anaigandisha uso chini juu ya kibao cha mti wa mcheri wa mwituni, anaipaka mafuta kidogo mistari ionekane, halafu anachonga akipitia karatasi na mbao kwa pamoja. Maana yake mchoro wa asili unakufa palepale. Hakuna orijino ya kuchorwa kwa mkono iliyofichwa mahali, hizi chapa ndo orijino.

Kibao cha mistari myeusi kikishapatikana zinatolewa nakala chache, mchoraji anaonyesha kwenye kila nakala wapi nyekundu wapi bluu, na kila rangi inachongewa kibao chake. Pembeni mwa kila kibao kuna alama mbili, moja ya kona na nyingine ya mstari, karatasi inaegeshwa pale pale kila mara ili rangi zisitoke nje ya mistari. Ni vijialama viwili tu lakini bila hivyo hakuna kitu.

Mpiga chapa ndo wa mwisho. Anapaka rangi ya maji na uji wa wali kidogo kwenye kibao kwa brashi, analaza karatasi yenye unyevu juu yake, halafu anasugua mgongo wa karatasi na kitu cha duara kinaitwa baren, ndani kuna kamba iliyosokotwa ya ganda la mwanzi na nje limefunikwa ganda hilo hilo. Mashine hamna, ni mkono na uzito wa bega. Karatasi inatokana na nyuzi za mti wa jamii ya mforosadi na imepakwa gundi na shabu ili rangi isisambae, ni ngumu kiasi kwamba inavumilia kusuguliwa mara kumi, kumi na tano bila kuchanika. Kwa siku mpiga chapa mzoefu alitoa kama 200.

Na kuna ufundi mwingine huuoni mpaka uishike. Wanachapa bila rangi kabisa, wanasukuma karatasi ndani ya mchongo, maua ya kola yanatokeza yenyewe meupe juu ya meupe. Kwenye picha ya simu hilo halipo.

Mbona macho makengeza?

Hiyo inaitwa mie. Mchezo ukifika kileleni mwigizaji anajikaza, anazungusha kichwa, anafungua macho yote na jicho moja linaingia ndani kuelekea puani, vibao vinagongwa pembeni taa taa taa, na anaganda vile vile kama sanamu wakati watu wanapiga kelele jina lake. Kwa hiyo ukumbi wenyewe ulishatengeneza picha, mchoraji alichofanya ni kuidaka.

Ile mistari ya rangi usoni ni kumadori. Nyekundu ni nguvu na haki, bluu ni ubaya na mizimu mibaya, kahawia ni majini na viumbe visivyo watu. Sio kila mtu anapakwa, ni wahusika wa michezo ya mikikimikiki.

Sharaku ni nani na kwa nini kila mtu anamtaja?

Haya, tukae.

Mwezi wa tano wa mwaka 1794, kwa kalenda ya kwao, duka la Tsutaya Juzaburo linatoa picha 28 kwa mpigo za waigizaji, vichwa vikubwa kifua juu, nyuma giza linalometameta kwa unga wa ulanga. Sahihi inasema Toshusai Sharaku. Hakuna aliyewahi kumsikia. Hana kazi ndogo ndogo za kuanzia, hana mwalimu anayejulikana, na mchapishaji mkubwa anamwagia pesa za ulanga kama mfalme. Anatoa zaidi ya picha 140 ndani ya miezi kama kumi, halafu mwanzoni mwa 1795 anapotea, hamna tena.

Picha inayojulikana kuliko zote ni ya Otani Oniji wa tatu akicheza Edobei. Edobei ni mtumishi mhuni, ametumwa kupora pesa za mwenzake njiani. Itazame taratibu. Kichwa kimesukumwa mbele kama cha kobe, taya limetoka, mdomo umeshuka pembeni, macho madogo yamekutana katikati. Halafu mikono. Inatoka kifuani mwa kimono, vidole vimetanuka kama mtu anayetaka kukamata kuku, na ni midogo mno kwa lile kichwa, ukiikagua kwa kanuni za mwili imekosewa kabisa! Lakini ifunike kwa kidole gumba chako uone, picha inakufa, anabaki mzee aliyekasirika. Vidole ndo vinasema wizi. Na Sharaku alimchora vilevile anayeporwa, Ippei, aliyechezwa na Ichikawa Omezo, amekunja uso na mkono uko kwenye mpini wa upanga, ukiziweka mbili pamoja unapata tukio zima.

Na ndo kitu ninachokipenda kwenye biashara hii nzima, unaona watu wawili kwenye uso mmoja. Kuna Edobei mwizi na kuna Oniji mwenyewe, jamaa mwenye pua yake na umri wake, anayefanya kazi. Kwa onnagata Sharaku alikuwa mkali zaidi: kwa Segawa Kikunojo wa tatu amechora mke wa mtu, sawa, lakini pia mwanaume mtu mzima mwenye kidevu kizito ambaye anajitahidi. Wengine waliwapamba, yeye hakupamba.

Labda ndo kilichomponza. Mwandishi Ota Nanpo, aliyeishi zama hizo hizo, aliandika kwamba Sharaku alitaka mno kuchora ukweli mpaka akachora yasiyotakiwa, ndo maana hakudumu. Mshabiki anataka staa wake awe mzuri jamani, hata leo.

Kuhusu yeye ni nani: kumbukumbu ya 1844 inasema jina lake lilikuwa Saito Jurobei, mwigizaji wa noh (maigizo ya kale, ya kimyakimya, ya mabwana wakubwa) aliyemtumikia bwana wa jimbo la Awa. Watu walibishana miaka mingi, wengine wakisema ni Hokusai, wengine ni mchapishaji mwenyewe, ila siku hizi wengi wameridhika na Saito. Mi pia. Mtu wa jukwaani ndo anajua jasho linapita wapi chini ya poda.

Ila nisidanganye, picha za mwisho za Sharaku ni za kawaida tu. Zimepungua ukubwa, zimejaa miti na vitu vya nyuma, miili imekakamaa. Msiposema ukweli huo mtakuja kununua moja kwa bei ya nyumba halafu mnashangaa.

Kwa hiyo Sharaku ndo alikuwa namba moja enzi zake?

Wala. Aliyeshinda sokoni ni Utagawa Toyokuni, alianza mfululizo wake wa waigizaji jukwaani mwanzoni mwa 1794 hiyo hiyo, miezi michache kabla ya Sharaku. Mwili mzima, umesimama vizuri, sura inatambulika lakini imesafishwa. Watu walipenda. Wanafunzi wake wakatawala miaka sabini iliyofuata.

Mkubwa wao ni Kunisada, 1786 hadi 1865, ambaye mwaka 1844 alichukua jina la mwalimu wake akawa anasaini Toyokuni. Huyu alitoa kazi zinazokadiriwa kupita 20,000. Ndo maana ukiona picha ya mwigizaji inauzwa bei ya kueleweka, mara nyingi ni yake. Wataalamu wa zamani walimdharau eti kazi nyingi mno, mi naona wamemwonea. Kwenye elfu ishirini kuna takataka ndio, lakini portreti zake za vichwa vikubwa za uzeeni, mwanzoni mwa miaka ya 1860, ni moto.

Nitajuaje huyu ni mwigizaji gani?

Nembo. Kila ukoo una yake na wanaichora kwenye mkono wa nguo. Ya ukoo wa Ichikawa Danjuro ni miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, inatokana na vipimo vya mchele, huwezi kuikosa. Ukiona jamaa ana nguo kubwa kama tanga la jahazi na hiyo miraba juu yake, huyo ni Danjuro wa enzi fulani kwenye kipande cha Shibaraku.

"Wa enzi fulani"? Mbona Danjuro yuko kwenye picha za 1700 na za 1850, aliishi miaka mingapi?

Ha ha, hili nami lilinichanganya. Majina yanarithiwa. Danjuro wa kwanza aliuawa 1704, mwigizaji mwenzake alimchoma kisu ukumbini. Aliyepo sasa ni wa 13, amelichukua jina 2022. Na mtu mmoja anabadilisha majina kadiri anavyopanda ngazi, leo Ebizo kesho Danjuro, halafu uzeeni anarudi Ebizo. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi, unahitaji jina, mchezo na mwaka.

Mwaka unaupata kwenye mihuri ya ukaguzi. Kila picha ilipita kwa mkaguzi: muhuri mmoja wa duara wenye neno kiwame ni kati ya 1791 na 1842 hivi, na kuanzia 1852 unakuta muhuri wenye mnyama wa mwaka (kwao kila mwaka una mnyama wake, wanazunguka kumi na wawili) na namba ya mwezi. Panya ni 1852 yenyewe, chui milia ni 1854. Ukijua wanyama kumi na wawili umemaliza nusu ya kazi.

Zilikuwa ghali?

Karatasi moja kubwa, kama sentimita 39 kwa 26, ilikuwa karibu na bei ya bakuli la tambi za soba. Zile za karatasi tatu zinazoungana ziliuzwa hata moja moja, ndo maana leo unakuta picha ambayo upanga unaingia kutoka nje ya karatasi na hujui nani kaushika. Aliyeushika yuko kwenye albamu ya mtu mwingine.

Serikali haikuwaingilia?

Iliwaingilia mno. Kubwa ni ya 1842. Serikali iliona watu wanatapanya pesa kwenye anasa, ikapiga marufuku picha za waigizaji na makahaba, ikabana rangi zisizidi saba nane, kumbi zikahamishiwa pembezoni huko Asakusa, na Danjuro wa saba akafukuzwa mjini kwa kosa la kuishi kifahari. Mwigizaji, kwa sheria zao, alikuwa mtu wa daraja la chini kabisa, na hapo hapo anaabudiwa na mji mzima. Hilo liliwaudhi wakubwa.

Wachoraji wakatafuta njia. Utagawa Kuniyoshi mwishoni mwa miaka ya 1840 alitoa picha zinazoonekana kama ukuta wa ghala uliochorwachorwa na watoto kwa msumari. Vichwa vimepinda, mistari inatetemeka, katikati paka anacheza ngoma. Mkaguzi ukimuuliza atasema ni michoro ya utani ukutani. Mshabiki anaangalia sekunde mbili, anacheka, anakutajia kila mmoja jina. Alichora pia samaki na paka wenye sura za waigizaji. Unaona sasa kwa nini ile kazi ya Shunsho ya sura halisi ilikuwa na maana? Bila jina, bila nembo, kwa msumari, na bado unajua ni nani.

Ndo sababu pia picha nyingi za 1845 mpaka 1860 hivi zina jina la mhusika lakini hazina la mwigizaji. Sio kwamba limefutwa, halikuwekwa.

Nimeona picha ya mwigizaji amevaa rangi ya bluu mpauko, na maandishi mengi, amekaa mtulivu. Hiyo nini?

Hiyo ni picha ya msiba, shini-e. Staa akifa, ndani ya siku chache zinatoka picha zenye tarehe ya kufa, umri, jina lake la marehemu la Kibudha, na pengine shairi la kuaga. Zilizotoka nyingi kupita kiasi ni za Danjuro wa nane, kijana mtanashati aliyependwa na wanawake, alijiua Osaka 1854 akiwa na thelathini na kitu. Kuna inayomwonyesha anakufa kama Buddha, amelala na wanawake wa kila rika wamemzunguka wanalia. Ukiiangalia unacheka kisha unaona aibu umecheka.

Za Osaka zina tofauti gani na za Edo?

Ndogo zaidi, chache zaidi, na mara nyingi zimechapwa kwa ufahari wa rangi za metali, kwa sababu wengi waliohusika walikuwa washabiki wenye pesa na vikundi vyao. Na Osaka walichapa waigizaji karibu tupu. Tafuta Hirosada, atakupendeza.

Ninayo moja / nimeona inauzwa, nitajuaje ni ya kweli?

Geuza. Mgongo wa karatasi unasema mengi kuliko mbele. Chapa ya mkono inaingiza rangi mpaka nyuma, utaona kivuli cha mchoro na mistari ya duara ya baren. Ukikuta mgongo mweupe pee na laini kama kalenda ya ukutani, shtuka. Chukua kioo cha kukuzia angalia uso: ukiona vidoti vidoti ni ya mashine.

Nayajua haya kwa sababu nililia. Ya kwanza kununua nilinunua mtandaoni, "Sharaku, antiki", muuzaji maneno matamu, picha amepiga kwa mbele tu, na mimi kwa tamaa sikuuliza ya nyuma. Imefika, kioo cha kukuzia, vidoti kama gazeti. Bado ninayo, iko chooni.

Halafu kuna kati na kati: nakala zilizochongwa upya kwa mbao, kazi nzuri ya mkono, kuna karakana Tokyo zinazifanya mpaka leo. Hizo sio utapeli mradi muuzaji aseme ukweli. Sharaku halisi wa 1794 humkuti kwa bei ya viatu, hilo weka akilini.

Niitundike wapi?

Mbali na dirisha. Rangi za zamani ni za mimea na hazipendi jua. Bluu iliyotokana na ua la tsuyukusa inageuka kuwa kama rangi ya mchanga, zambarau inakuwa kahawia, waridi linapotea. Zile picha za Shunsho zenye nyuma ya manjano hafifu, watu wanasifu "utulivu wa rangi", nyingi zilikuwa bluu! Bluu ya kiwandani kutoka Ulaya ilienea miaka ya 1830, hiyo ina nguvu. Na nyekundu kali ya kupiga kelele kwenye picha za baadaye ni ya kemikali, iliingia kuanzia miaka ya 1860.

Ukikaa pwani kama mimi adui mwingine ni unyevu na wadudu. Kioo cha fremu kisigusane na karatasi, na gundi ya kunata nyuma usiweke kabisa, hata kipande.

Bado zinatengenezwa?

Zilififia picha za kamera zilipoingia. Toyohara Kunichika, aliyekufa 1900, ndo alikuwa wa mwisho wa nguvu kwa mtindo wa zamani. Kisha mchapishaji Watanabe Shozaburo akafufua kwa mtindo mpya, na Natori Shunsen akamtolea portreti 36 kati ya 1925 na 1929, laini mno, unaona mpaka joto la ngozi. Na karibu kabisa na sisi kuna Tsuruya Kokei, kuanzia 1978 mpaka 2000 alichora, akachonga na kuchapa mwenyewe waigizaji waliokuwa wanacheza ukumbi wa Kabuki-za, Tokyo, kwenye karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Huyo ndo mrithi halisi wa Sharaku kwa ukatili wa sura.

Sina hela ya kununua wala nauli ya Japani, naziona wapi?

Bure kabisa kwenye simu. Makumbusho ya maigizo ya Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo, yana makumi ya maelfu ya picha za waigizaji na zimewekwa mtandaoni. Makumbusho za sanaa za Boston na Chicago, na British Museum, zote zina mikusanyo mikubwa na unaweza kukuza picha mpaka uone nyuzi za karatasi.

Nikifungua moja nianze kuangalia wapi?

Kwenye nywele, pale pembeni ya paji zinapokutana na ngozi. Chukua portreti yoyote ya Kunisada ya miaka ya 1860, kuza mpaka mwisho. Mchoraji hapo aliweka mistari michache tu ya kuelekeza, zile nywele moja moja ni za mchongaji, na hata sio mchongaji yeyote, wadogo walipewa nguo na maandishi, kichwa alichonga mkubwa wa karakana. Kumbuka kila unywele ni mbao *iliyobaki*, yeye alikuwa anaondoa nafasi kati ya unywele na unywele, kwa kisu, kwenye mcheri, na akiteleza mara moja kibao kizima kimeharibika. Mi nilijaribu kuhesabu zilizomo kwenye upana wa kucha ya kidole cha mwisho, nikafika tisa, nikapepesa macho, nikapoteza hesabu.